Tagi inauzwa Igogo: nani alikuwa mwenyewe kabla ya huyu anayeniuzia?

Mama Matishari (Igogo, Mwanza)

Habari za jioni wakuu. Natafuta wenye uzoefu wa vyombo vya ziwani, hasa waliofanya kazi Bandari ya Mwanza Kusini au kwenye yadi za meli hapa kwetu.

Sisi ni kampuni ndogo ya familia. Tunapeleka kokoto, mchanga na saruji visiwani: Nansio, Kome, Maisome, na Ukara mzigo ukipatikana. Tishari tunalo la kwetu. Tagi, yaani boti ya kulivuta, ndiyo tunakodi, na kukodi ndiko kunakotumaliza. Mwenye tagi akipata kazi yenye fedha zaidi anaondoka, tishari letu linabaki gatini na saruji juu yake, mvua ikinyesha tunafunika maturubai tunamwomba Mungu.

Sasa kuna tagi inauzwa huku huku Igogo. Siyo chuma chakavu, inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu ikivuta tishari la mawe limejaa na haikuhangaika. Injini moja, rafadha (pangaboi) moja, ndoano ya kuvutia imekaa vizuri, chumba cha usukani kimepakwa rangi juzi juzi. Bei ni kubwa kwa sisi lakini inafikika tukiuza kiwanja cha Buswelu, na mume wangu ameshakubali.

Kinachonikosesha usingizi ni historia yake. Muuzaji anasema ilitengenezwa enzi za mkoloni, ikawa ya Reli, ikauzwa kwa zabuni, ikachukuliwa na wenye kiwanda cha samaki, halafu mtu mmoja akaipeleka kwenye kazi za kubeba mawe, na huyo ndiye aliyemuuzia yeye. Karatasi alizonazo ni tatu: mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kivuli cha cheti cha usajili chenye jina la mtu ambaye siye yeye, na karatasi moja ya mnada ambayo mhuri wake hausomeki. Cheti cha ukaguzi cha mwaka huu anacho na ni halisi, hilo nimeshalihakikisha.

Maswali yangu: nitajuaje ni kweli ilikuwa ya Reli? Na je, ina maana yoyote kujua wenyewe wote wa nyuma, au inatosha kumjua huyu wa sasa? Jina la tagi silitaji kwa sababu mazungumzo bado hayajaisha na sitaki kumharibia mtu biashara bure.

Kijana wa Kirumba

Dada, historia haivuti tishari. Chukua fundi mzuri, mwambie asikilize injini ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, aangalie mafuta ya giaboksi kama yamegeuka maziwa, akague shafti ya rafadha kama inavuja. Kisha ifunge tagi kwenye nguzo ya gati kwa kamba yenye kipimo, iambie ivute kwa nguvu zote, usome imevuta tani ngapi. Tagi inanunuliwa kwa nguvu ya kuvuta, urefu na rangi ni mapambo tu. Ikivuta, lipa, anza kazi. Mwenye cheti cha ukaguzi ndiye mwenye chombo, mengine ni kupoteza muda na mteja mwingine atakuwahi.

Sarangi Mstaafu (Nyakato)

Mwangaluka mayu. Mimi nimekuwa baharia wa meli za Reli hapa ziwani tangu ujana, nikapanda mpaka usarangi, yaani ukuu wa mabaharia, nikamalizia utumishi wangu chini ya kampuni iliyorithi meli hizo. Swali lako nimelisoma kwa makini, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu nimeona familia zikifilisika kwa jambo hili hili.

Kwanza kwa kijana wangu wa Kirumba. Hapo kwenye kipimo cha kuvuta uko sahihi na namwomba mama akufuate. Lakini injini mbovu inang'olewa, inawekwa nyingine. Deni halinyanyuliwi kwa winchi. Meli si kama mali nyingine. Mishahara ya mabaharia ambayo haikulipwa, fidia ya kugonga chombo cha mwingine, malipo ya walioiokoa ikiwa inazama, yote hayo yanaishika meli yenyewe. Mwenyewe akiuza, yeye anaondoka na fedha na deni linabaki limekaa kwenye bodi, yaani mwili wa chombo, linamsubiri mnunuzi. Siku hao wadai wakienda mahakamani, wanaomba tagi ikamatwe, na itakamatwa ikiwa na tishari lako nyuma. Ndiyo maana wenyewe wa nyuma wana maana, mmoja mmoja.

Pia cheti cha ukaguzi kinasema chombo kinafaa kusafiri mwaka huu. Hakisemi ni cha nani.

Sasa hilo neno "ilikuwa ya Reli". Ziwa zima, kila anayeuza chombo cha zamani analisema, kwa sababu Reli ilitunza vyombo vyake na kila mtu anajua. Muulize: Reli ipi?

Stima za mwanzo za ziwa hili zilikuwa mali ya Uganda Railway, ya Waingereza. Zilitengenezwa kwao, zikafunguliwa vipande vyenye namba, zikaja Mombasa kwa meli, na vipande vikaunganishwa Kisumu. Tagi ya Kavirondo ni mojawapo: Bow, McLachlan wa Paisley kule Scotland waliitengeneza 1912. Wajerumani upande wetu walikuwa na tagi yao ndogo waliyoiita Muansa, kwa jina la mji huu, na vita vilipoanza 1914 tagi za pande zote mbili zikafungwa mizinga. Kwa hiyo tagi katika ziwa hili ni kitu cha zamani sana, wala muuzaji akisema "enzi za mkoloni" hasemi jambo lisilowezekana.

Baada ya hapo Uganda Railway ikageuka kuwa reli ya Kenya na Uganda. Hapa watu wengi wanachanganya. Reli yetu kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, lakini ile ilikuwa reli ya Tanganyika, na stima kubwa za ziwani ziliendelea kuwa za wale wa Kenya na Uganda. Zote ziliunganishwa 1948 zikawa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatenganishwa na reli, na meli za ziwani zikabaki upande wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977.

Huo mwaka 1977 ndio fundo la yote. Mpaka na Kenya ulifungwa, na kila nchi ikashika vilivyokuwa mikononi mwake. Meli ya Victoria ikawa yetu, Umoja ikawa yetu, na Uhuru, ambayo ni pacha wa Umoja, wote wa kiwanda cha Yarrow, ikawa ya Kenya. Serikali zikampata msuluhishi, Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, akahesabu mali na madeni ya Jumuiya miaka kadhaa. Mkataba wa kugawana ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa hiyo chombo chochote kilichokuwa cha Reli ya Afrika Mashariki kiliangukia nchi moja kati ya tatu, na kuanzia hapo kina njia yake.

Njia ya Tanzania ni hii: Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC. Kisha Marine Services Company Limited, iliyoundwa 1997 na kukabidhiwa meli za maziwa yote matatu. Tangu 2024 inaitwa TASHICO. Tagi yao MT Ukerewe watu wa bandarini wanaijua. Ikiwa hiyo unayouziwa ilitoka kwenye njia hiyo, ilitoka kwa zabuni ya mali ya umma, na mali ya umma haitoki kwa mkono. Kuna kibali cha kuifuta kwenye vitabu, kuna tangazo, kuna barua ya kumtaja mshindi, kuna stakabadhi, kuna hati ya makabidhiano iliyosainiwa pande mbili. Mtu aliyenunua tagi ya Serikali kihalali huzitunza karatasi hizo hata akiwa hana kabati. Muuzaji wako anazo? Kutoka kwenye maelezo yako hana hata moja.

Karatasi zikikosekana, chombo chenyewe kinasema. Chukua tochi, nyundo ndogo na kikwaruzo cha rangi, na umfuate fundi hadi chini.

Anza na namba. Meli iliyosajiliwa kwa utaratibu wa Kiingereza, na nchi zetu zimeurithi, hupewa namba rasmi isiyobadilika hata jina likibadilishwa mara kumi, na namba hiyo huchongwa kwenye boriti kuu, kwa kawaida karibu na mlango wa chini wa mzigo au wa injini. Kwaruza rangi mpaka chuma kionekane. Ukikuta mahali palipopigwa tupa pakawa laini kuliko sehemu nyingine, ondoka hapo hapo, usiendelee na mazungumzo.

Angalia bodi. Stima za kale ziliungwa kwa riveti, utaziona vichwa vyake safu kwa safu. Kulehemu bodi nzima kulienea baada ya Vita vya Pili. Bodi yote ikiwa ya kuchomelea, hadithi ya Wajerumani au Uganda Railway inaishia hapo.

Angalia kama kuna mshono unaozunguka mwili mzima, kutoka ukingo wa deki upande mmoja, kupita chini ya tumbo, hadi upande wa pili. Mishono ya kiwandani hupishana, haifuatani mstari mmoja. Mshono mmoja mnyoofu unaozunguka una maana chombo kilikatwa na kuunganishwa tena, na chombo hukatwa namna hiyo ili kipakiwe kwenye lori au behewa. Mishono miwili yenye mabamba mapya katikati ina maana kilirefushwa.

Angalia vipande vya kuzuia kutu vilivyofungwa chini, karibu na rafadha na usukani. Kwenye maji ya chumvi watu hufunga zinki. Ziwani zinki inalala tu, haifanyi kazi yake, na fundi anayeyajua maji haya hufunga magnesiamu au alumini. Ukikuta visiki vya zamani vya zinki, na chini ya rangi alama za duara za vile viumbe vya baharini vinavyong'ang'ania chuma, basi tagi hiyo imewahi kuishi baharini, hata kama anayeuza anakuapia imezaliwa Mwanza.

La mwisho, tezini, yaani nyuma kabisa ya chombo. Jina na bandari ya nyumbani huandikwa pale, na mafundi wengi huchora herufi kwanza kwa welding ndipo wapake rangi, ili mpaka wa rangi usipotee. Jina likibadilishwa wanapiga rangi juu, wavivu hawasagi. Pitisha kiganja.

Mambo haya hayagharimu fedha nyingi, mayu. Fanya kabla kiwanja cha Buswelu hakijauzwa.

Fundi wa Chelezo

Mzee amesema yote, naongeza moja tu. Usinunue bila kuipandisha chelezoni, yaani nchi kavu kwenye yadi, na kupima unene wa mabamba kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Maji yetu ni baridi, yaani hayana chumvi, chuma kinadumu kuliko baharini, ndiyo maana Victoria ya 1961 imekarabatiwa na bado inasafiri. Lakini kama hiyo tagi ililowa chumvi miaka ya nyuma, kutu ilishaanza kabla haijafika kwetu. Kwa kawaida bamba lililopoteza robo ya unene wake tunalikata na kuweka jipya. Pima zaidi kwenye mstari wa maji, chini ya injini ambako maji machafu hutuama, na kwenye tangi la omo, yaani la mbele. Gharama ya kubadilisha mabamba itoe kwenye bei.

Wakili wa Capri Point

Nichangie upande wa sheria, kwa ufupi, maana Sarangi ameshaweka msingi.

Cheti cha usajili kinathibitisha chombo kimesajiliwa. Mmiliki anathibitishwa na daftari lenyewe la msajili, ambalo kwa Tanzania Bara liko TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Omba kwa maandishi nakala ya maingizo yote ya chombo hicho, ya sasa na ya nyuma. Utaona kila mwenyewe, tarehe ya kila hati ya mauzo, na kama kuna rehani. Rehani ya benki iliyoandikwa kwenye daftari haifutwi na mkataba wa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuna jambo la karatasi ya mnada, na hili ni zito. Minada haifanani. Meli ikiuzwa kwa amri ya Mahakama Kuu katika shauri la meli, mnunuzi huipokea safi, na wadai huhamia kwenye fedha za mauzo. Meli ikiuzwa na dalali wa benki, au na kampuni inayofunga biashara, mnunuzi anapokea kile tu alichokuwa nacho mwenye kuuza, pamoja na yale madeni aliyoyataja Sarangi. Ile karatasi yenye mhuri usiosomeka inaweza kuwa ya aina ya kwanza au ya pili, na tofauti yake ni usalama wa mtaji wenu wote. Tafuta namba ya shauri. Kama hakuna namba ya shauri, ichukulie kuwa ya aina ya pili.

Kampuni zilizotajwa kwenye mnyororo wa wamiliki, zipekue BRELA, kwa msajili wa kampuni. Kampuni iliyokuwa imekwisha kufutwa siku iliyotajwa kwenye mkataba haikuweza kuuza kitu.

Kijana wa Kirumba

Wakili, huo upekuzi unachukua muda gani? Dada ana mzigo unasubiri na muuzaji hawezi kungoja hadi Krismasi.

Sarangi Mstaafu (Nyakato)

Muuzaji mwenye haki yake hungoja, kijana wangu. Anayekuharakisha uweke fedha leo kwa chombo ambacho kimekuwa ziwani miaka mingi, mwulize kesho kuna nini. Mwache mama afanye kazi yake kwa utaratibu. Hata akikodi msimu mmoja zaidi, anakodi akiwa na kiwanja chake.

Mama Matishari (Igogo, Mwanza)

Shikamoo Sarangi, na nawashukuru wote. Nimerudi na majibu, mengine yamenishtua.

Muuzaji alikubali tukague, sikumficha kitu. Tulikwenda na fundi wa chelezoni na kijana wangu wa kwanza, yule anayesomea umeme. Bodi yote ni ya kuchomelea, hakuna riveti hata moja. Kwa hiyo mkoloni wa Kijerumani tumeshamuaga.

Mshono upo. Unazunguka mwili mzima nyuma kidogo ya chumba cha usukani, mmoja tu, mnyoofu, na ndani fundi akaonyesha vipande vya chuma vilivyoongezwa kuushika. Akasema kazi ni nzuri, aliyeifanya alijua anachofanya. Kwenye usukani kulikuwa na kisiki cha zinki kimeshalika, pembeni yake wamefunga magnesiamu mpya. Alama za duara pia tumeziona, chini, sehemu ambayo rangi ilikuwa imebanduka.

Kibao cha kiwanda kimeng'olewa, matundu yake manne ya skrubu yapo ukutani mwa chumba cha injini. Lakini namba kwenye boriti ipo, haijaguswa, nimeipiga picha na kuiandika.

Halafu tezini. Nilipitisha kiganja kama ulivyonielekeza. Bandari iliyoandikwa sasa ni MWANZA. Chini yake kuna herufi nyingine zimevimba, na tulipokwaruza ikasomeka KISUMU. Jina la zamani limesagwa, zimebaki herufi mbili za mwisho.

Nilipomwonyesha muuzaji alinyamaza kidogo, halafu akasema ukweli kwamba yeye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia, hakuwahi kuchunguza. Sikuona dalili ya utapeli kwake. Naamini naye alinunua hadithi. Jina lililo kwenye kivuli cha cheti ni la yule mtu wa kazi za mawe, na hakuna popote panapoonyesha huyo aliitoa wapi. Ombi la nakala ya daftari nimeshapeleka kwa maandishi, likiwa na ile namba.

Sasa Sarangi, Kisumu inabadilisha nini? Bado inaweza kuwa ya Reli?

Sarangi Mstaafu (Nyakato)

Marahaba mayu. Umefanya kazi ambayo wanunuzi wengi wenye fedha kukuzidi hawaifanyi.

Inabadilisha karibu kila kitu. Ikiwa nyumbani kwake palikuwa Kisumu, basi mambo ya TRC, Marine Services na zabuni ya Serikali yetu yaweke pembeni kabisa. Kama iliwahi kuwa ya Reli, ilikuwa ya Reli ya Kenya baada ya 1977. Lakini kwa mshono ule, zinki na zile alama za baharini, mimi naona tagi ya maji ya chumvi iliyokatwa, ikapandishwa bara ikiwa vipande viwili, ikaunganishwa kwenye ufuko wa ziwa hili. Mombasa ndiko karibu zaidi kwa njia ya Kisumu. Hiyo ni kazi halali kabisa, vyombo vingi vimefika ziwani kwa njia hiyo, na kwa maneno ya fundi wako chuma kimeunganishwa vizuri. Mimi tagi yenyewe siidharau. Ni hadithi yake ndiyo iliyotungwa na mtu fulani katikati, na inafaa kujua kwa nini aliitunga.

Karatasi unayoihitaji ni moja kuliko zote: cheti cha kufutwa kwenye daftari la Kenya. Meli haiwezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Ili isajiliwe hapa kihalali, kule ilipaswa kufutwa kwanza, na kwa kawaida msajili hafuti chombo chenye rehani isiyomalizwa bila mwenye rehani kukubali. Cheti hicho kikiwepo, kinakujibu maswali mawili kwa mpigo. Kisipokuwepo, inawezekana tagi bado ni ya mtu Kenya, au ya benki yake. Waandikie Kenya Maritime Authority, uwape ile namba ya kwenye boriti, hata kama jina hulijui. Namba inatosha.

Karatasi ya pili ni ya forodha. Chombo kilichovuka kutoka Kisumu kuja kuuzwa Mwanza ni bidhaa iliyoingia nchini. Kama aliyeileta aliingia nayo kama anayekuja kuvuta tishari na kurudi, kisha hakurudi, TRA wana haki ya kuidai kodi leo, na watamdai anayeishikilia.

Ya tatu haiandikwi popote. Nenda kwa mabaharia. Waulize waliowahi kufanya kazi juu yake kama walilipwa, wote, mpaka mpishi. Ukae nao pale Mwaloni au kwenye vibanda vya chai nje ya geti la bandari, uwape muda waongee. Nahodha anaweza kumficha mwenye tagi, lakini baharia aliyedhulumiwa mishahara hatakuficha.

Wakili wa Capri Point

Nakubaliana na Sarangi neno kwa neno. Mama, usilipe hata amana mikononi mwa muuzaji. Kama mnataka kumshika asiuze kwa mwingine, andikeni mkataba wa masharti, amana ikae kwa wakili hadi masharti yatimie, na isipotimia ndani ya muda mliokubaliana irudi kwenu yote. Masharti yawe: nakala kamili ya daftari la TASAC, uthibitisho wa kufutwa Kenya, uthibitisho wa forodha, na kiapo cha muuzaji kwamba hakuna mshahara wala fidia inayodaiwa, pamoja na ahadi yake ya kulipa ikijitokeza. Hati ya mauzo isainiwe siku ambayo yote yapo mezani, na siku hiyo hiyo ipelekwe kusajiliwa.

Mama Matishari (Igogo, Mwanza)

Tumekaa leo na muuzaji, mume wangu akiwepo, tukamsomea masharti ya Wakili moja baada ya jingine. Amekubali yote isipokuwa ile ahadi ya kulipa madeni yakijitokeza baadaye. Tumesogea: atalibeba deni lolote la kabla ya siku ya hati ya mauzo kwa muda wa miaka miwili, na sehemu ya bei itabaki kwa wakili hadi muda huo uishe. Bei pia imeshuka, kwa sababu fundi alipima unene na mabamba ya chini ya injini yatabadilishwa.

Barua ya Kenya imeshaondoka na namba ya boriti ndani yake. Mabaharia wawili nimewapata, mmoja aliifanyia kazi wakati wa yale mawe. Anasema alilipwa, ila mwenzake aliyekuwa msaidizi wa fundi injini bado anadai, na amenipa namba yake ya simu. Kesho asubuhi namfuata Mkuyuni.

Sarangi Mstaafu (Nyakato)

Mfuate, mayu, na ukimkuta mwambie muuzaji akae chini na huyo kijana kabla ya hati kusainiwa, deni lake liingie kwenye hesabu na alipwe kutoka kwenye bei. Akishalipwa aandike na kusaini kwamba hadai tena, na karatasi hiyo uiweke pamoja na nyingine. Kisha muulize jina la zamani la tagi. Msaidizi wa fundi injini hulala kule chini, na huwa anajua kilichoandikwa kwenye kile kibao kabla hakijang'olewa.